Mikono iliyomshika mpiga saksofoni

Somo: Kutoka 17:8–13, Matendo ya Mitume 15:36–41

Mpendwa msomaji, ukisikia neno jazz huenda unakumbuka Western Jazz, Morogoro Jazz au OK Jazz ya Franco kule Kongo. Bendi hizo zililipenda jina hilo, ingawa muziki wao ulikuwa dansi na rumba. Leo tuitazame jazz yenyewe, ile iliyozaliwa kwa Wamarekani weusi, kwa maana ina jambo la kutukumbusha kuhusu kanisa letu na nyumba zetu.

Katika jazz, wanamuziki hukubaliana wimbo na mwendo wake. Kisha mmoja husimama mbele na kupiga anachokibuni papo hapo. Akipiga vizuri, watu husema, "Yule bwana ana kipaji." Ni kweli anacho. Lakini tazama ni nani wengine walikuwepo alipopiga vizuri kuliko siku zote.

Usiku wa Julai 7, 1956, bendi ya Duke Ellington ilikuwa katika tamasha la jazz la Newport, jimbo la Rhode Island, Marekani. Mambo hayakuwa mazuri. Bendi kubwa nyingi zilikuwa zimevunjika, na wengi walidhani wakati wa Ellington umepita. Mapema jioni alipiga kidogo tu, baadhi ya wapigaji wake wakiwa hawajafika. Aliporudi jukwaani ilikuwa inakaribia saa sita usiku, na baadhi ya watu walishaanza kuondoka.

Ellington akachagua kazi yake ya mwaka 1937, yenye sehemu mbili. Katikati ya sehemu hizo aliacha nafasi ya mtu mmoja, akampa Paul Gonsalves, mpiga saksofoni wa miaka 35, akamwambia apige kwa kadiri atakavyojisikia. Gonsalves alikuwa katika bendi tangu mwaka 1950, na nafasi hiyo alishawahi kuipiga kabla ya usiku ule. Lakini safari hii alipiga duru 27 mfululizo, kwa muda wa dakika kama sita. Mwanamke mmoja mwenye gauni jeusi akainuka na kucheza. Watu wakasimama juu ya viti. Waandaaji wakaingiwa na hofu kwamba kutatokea fujo, wakataka muziki usimame, lakini Ellington hakukubali. Mwezi Agosti mwaka huo huo, picha yake ilitokea kwenye jalada la jarida la Time.

Sasa angalia nyuma ya Gonsalves. Jimmy Woode alikuwa kwenye besi na Sam Woodyard kwenye dramu. Duru ya bluzi ina njia yake inayojulikana. Ikifika mwisho inaanza upya. Anayepiga mbele anaweza kwenda mbali kwa sababu wapo wanaomtunzia njia ya kurudi. Wenzake waliokaa na ala zao walikuwa wakimpigia kelele za kumtia moyo. Ellington mwenyewe, kiongozi na mwenye bendi, alikuwa kwenye piano akimhimiza.

Na pembeni ya jukwaa alikuwapo Jo Jones, mpiga dramu aliyepata sifa katika bendi ya Count Basie. Hakuwa mmoja wa wapigaji wa Ellington. Alikunja gazeti, gazeti tu kama hili ulilolishika, akawa analipiga kufuata mwendo wa wimbo, akiwachochea waliokuwa jukwaani. Hakuna aliyelipa kiingilio aje kumwona Jo Jones akipiga gazeti, lakini wanaosimulia habari za usiku ule hawamsahau.

Ndugu msomaji, hapo ndipo ninapoikumbuka habari ya Refidimu. Waamaleki walikuja kupigana na Israeli. Yoshua akashuka uwanjani, naye Musa akapanda kilimani na fimbo ya Mungu. Alipoinua mikono, Israeli walishinda. Aliposhusha, Waamaleki walishinda. Mikono ya Musa ikawa mizito. Biblia haifichi jambo hilo: mtumishi mkubwa wa Mungu alichoka. Haruni na Huri hawakumlaumu, wala hawakumnyang'anya fimbo. Walimtafutia jiwe akalie, wakaishika mikono yake, huyu upande huu na huyu upande ule, mpaka jua likachwa. Watu wote wakapona kwa mikono ya mzee iliyoshikwa na wenzake.

Makanisani mwetu tunajua sana kupongeza aliye mbele. Tunajua pia kumsema akichoka. Lakini kuna kijana wa kwaya ambaye hajawahi kupewa ubeti aimbe peke yake, kwa kuwa mwalimu ana sauti zake anazozizoea. Kuna mama anayeweza kufundisha Neno, ila tumemwachia jikoni tu. Kuna mzee wa kanisa ambaye hajaachia kipaza sauti kwa miaka mingi. Mtume Paulo aliwaagiza Wakorintho kwamba mtu anayesema anyamaze kama mwingine aliyeketi amefunuliwa jambo (1 Wakorintho 14:30). Hilo linamdai kiongozi anyenyekee: Ellington alikuwa na jina kubwa kuliko Gonsalves, lakini alikaa kwenye piano na kumwacha mwingine ashangiliwe.

Huenda umeshaanza kuwaza ni nani umpe nafasi. Vema, lakini kuna sehemu ya pili ya habari hii, nayo ni ngumu zaidi.

Usiku wa Newport haukuyamaliza matatizo ya Gonsalves. Kwa miaka mingi alisumbuliwa na ulevi na dawa za kulevya. Kuna nyakati alisinzia jukwaani, bendi ikiendelea. Hata hivyo Ellington aliendelea kuwa naye. Mwaka 1965, Ellington, ambaye alikulia kanisani na kuipenda Biblia, alipiga tamasha lake la kwanza la muziki wa ibada katika kanisa kuu la Grace, San Francisco, na Gonsalves alikuwemo kwenye bendi. Alikuwa bado mtu wa bendi hiyo alipofariki London mwezi Mei 1974. Ellington, aliyekuwa mgonjwa sana, alifariki siku chache baadaye.

Kumshika mkono mtu anayeshangiliwa ni rahisi. Je, unamshika nani siku anaposinzia jukwaani?

Barnaba alikutana na swali hilo. Yohana Marko aliwaacha safarini, akarudi Yerusalemu. Barnaba alipotaka kumchukua tena, Paulo alikataa, wakashindana hata wakatengana. Paulo alikuwa na sababu yake, maana kazi inahitaji watu wasioikimbia. Lakini Barnaba alimchukua Marko wakaenda Kipro. Miaka ikapita, na Paulo akiwa kifungoni akaagiza Marko aletwe, kwa kuwa anamfaa katika utumishi (2 Timotheo 4:11). Kama Barnaba naye angemwacha, nani angemleta?

Tuelewane: kumshika mtu mkono si kumfichia dhambi, wala si kuwaacha wengine waumie kwa ajili yake. Mwenye ulevi anahitaji kuambiwa kweli, na anahitaji matibabu. Lakini kuna kweli inayosemwa na mtu aliyekaa karibu, na kuna kweli inayorushwa kwa mbali kama jiwe. Haruni na Huri walilileta jiwe ili mtu akalie.

Basi wiki hii chagua mtu mmoja. Labda ni mchungaji wako ambaye mikono imekuwa mizito, au mwanao aliyeshindwa mtihani, au ndugu aliyeacha kuja ibadani kwa aibu. Usingoje upewe cheo. Jo Jones alikuwa na gazeti, Haruni na Huri walikuwa na jiwe. Wewe una simu ya kumpigia, una nauli ya kumtembelea, una saa moja ya kumsikiliza. Na kama wewe ndiye uliyechoka, mwambie mtu kwamba umechoka. Musa naye alikaa.

Bwana, utupe mikono ya kuwashika wenzetu, na unyenyekevu wa kukubali kushikwa. Amina.

Jumapili njema.