Sayari za hadithini zaingia katika ramani rasmi za anga

Jina Arrakis lilibuniwa na mwandishi wa Marekani, Frank Herbert, katika riwaya yake ya kisayansi, Dune, iliyochapishwa mwaka 1965. Hivi sasa jina hilo limo katika ramani rasmi ya Titan, mwezi mkubwa kuliko yote ya sayari ya Zohali.

Titan imefunikwa na ukungu mzito, na sura yake haikufahamika vyema hadi chombo cha Cassini kilipowasili Zohali mwaka 2004 na kuimulika kwa rada. Tambarare zilizoonekana zilihitaji majina. Umoja wa Kimataifa wa Falaki (IAU), ulioundwa mwaka 1919 na wenye mamlaka ya kuidhinisha majina hayo, uliamua zipewe ya sayari zinazotajwa katika riwaya za Herbert. Milima ikapewa majina kutoka vitabu vya J.R.R. Tolkien.

Katika riwaya za aina hii ramani si pambo. Herbert aliambatanisha ramani ya nusu ya kaskazini ya Arrakis, pamoja na maelezo ya majina yaliyomo. Mji wa Arrakeen umekingwa dhidi ya dhoruba za mchanga na safu ya milima. Safu hiyo inapobomolewa, mji hutekwa. Msomaji aliyeitazama ramani huelewa mara moja sababu ya kushindwa huko.

Hata hivyo, kutoa jina ni kutumia madaraka. Mwaka 1858 Mwingereza John Hanning Speke aliliita Victoria, kwa heshima ya malkia wake, ziwa ambalo Waganda walikwisha kuliita Nalubaale. Jina la mgeni ndilo lililoenea katika ramani za dunia.

Ili kuepusha upendeleo wa namna hiyo, kanuni za IAU hutaka majina yatoke katika tamaduni mbalimbali na yasiwe ya watu walio hai. Mwaka 2018 yalipitishwa majina 12 ya Charon, mwezi wa Pluto. Miongoni mwake ni Butler, la mwandishi Mmarekani mweusi Octavia Butler aliyefariki mwaka 2006, na Nasreddin, mcheshi wa ngano za Mashariki ya Kati. Vader na Spock, yaliyotumiwa awali na wanasayansi kwa mazoea, hayakuwamo.

Pamoja na hayo, jina lililoidhinishwa halimpi yeyote umiliki wa mahali hapo.