UDONGO NI WA NANI? NA NYAMA WA PORI JE?

Wanafunzi wengi wanaotoka vijijini wanauliza: "Udongo wa bankambo yetu ni wetu ao ni wa Leta?" Ni ulizo kubwa, maana kesi nyingi za vijiji zinatoka hapo. Tulifungue polepole.

1. Desturi. Kwa desturi, mwami ao chefu wa kijiji ndiye anayegawanya mashamba. Mutu anatoa mbuzi, anapewa fasi, analima, watoto wake wanarizi. Lakini pori na mito ni ya wote.

2. Sheria. Sheria ya tarehe 20/7/1973 ilisema udongo wote ni mali ya Leta peke yake. Kufuata sheria hiyo, mutu hanunui udongo. Anapewa ruhusa ya kuutumia, inaitwa konsesyo, na anaandikiwa sertifika. Juu ya watu wa vijiji, sheria ilisema haki yao itapangwa na ordonansi ya Prezida. Miaka zaidi ya 40 ikapita, ordonansi ile haikutoka. Ndiyo sababu mutu wa mbali anaweza kufika na karatasi yake, wenyeji wakabaki mikono mitupu. Tena sertifika ikisha kupita miaka 2, kuivunja ni kazi ngumu sana.

3. Parke. Parke ya Virunga ilianzishwa 1925, wakati wa Wabelgiji, na jina la Parke Albert. Ni ya kwanza katika Afrika. Mipaka ilipanuliwa mpaka 1935, mashamba na malisho ya watu yakaingia ndani. Kule Kahuzi-Biega, parke ya 1970, Watwa waliondolewa katika pori lao. Lakini tembo hajui mupaka. Anatoka usiku, anamaliza muhindi wa mjane. Basi watu wanasema: "Ile ni nyama ya Leta," na wanaichukia.

Hata hivi, kuua nyama ni kujiua wenyewe. Tuangalie Ziwa Edward. Usiku kiboko anakula majani inje. Muchana anarudi majini na kuacha mavi. Mavi yanalisha vijidudu na majani madogo ya maji, na samaki wanakula hayo. Katika miaka ya 1970 Virunga ilikuwa na viboko karibu 30,000. Silaha na njaa ya vita vikawamaliza: mwaka 2005 hawakufika hata 1,000. Wavuvi wa Vitshumbi na Kyavinyonge wanajua hasara ya ziwa lisilotunzwa.

4. Njia iko. Dekreti ya tarehe 2/8/2014 iliruhusu kijiji kuomba pori lake la desturi, mpaka hektari 50,000, bila kulipa na bila mwisho. Wenyeji wanapanga wao wenyewe fasi ya kulima, ya kuwinda na ya kuacha nyama wazae.

Na sisi wanafunzi? Mbele ya kutoa konsesyo vijijini, sheria ya 1973 inaomba uchunguzi: tangazo linabandikwa, na kila mutu anaweza kusema neno lake kwa kinywa ao kwa barua. Tangazo ni la Kifaransa. Wazee wengi wanalipita tu. Wewe unayesoma Kifaransa, ukirudi likizo, simama mbele ya ile karatasi. Uwasomee wazee, na uwaandikie barua yao mbele ya wakati kupita.