Kinanda Kilichorudishiwa Kasoro Zake

Je, wajua kwamba sinthesaiza nyingi zilizobadilisha muziki mwanzoni mwa miaka ya 1970 hazikuweza kutoa noti mbili kwa wakati mmoja? Minimoog, iliyotoka Marekani mwaka 1970, ilikuwa na besi nzito ya kutikisa kifua, lakini ukibonyeza vibao vitatu kwa pamoja ulisikia noti moja tu.

Sababu iko ndani ya sanduku. Katika mashine ya analogi, sauti ni umeme wenyewe unaochezeshwa. Saketi iitwayo osileta huijaza kapasita umeme kisha huimwaga, tena na tena. Ikifanya hivyo mara 440 kwa sekunde, unasikia ile La ambayo wanamuziki huitumia kupatanisha vyombo vyao. Umeme huo hupita kwenye kichujio kinachoupunguza ukali, kisha kwenye amplifaya inayoamua kama noti ianze kwa kishindo au iinuke polepole. Mlolongo huo mzima hutoa noti moja. Ukitaka noti tano, ujenge milolongo mitano, na yote ilingane. Ndiyo maana Yamaha CS-80 ya mwaka 1977, yenye sauti nane, yaani milolongo minane, ilikuwa na uzito wa takriban kilo 100 na bei iliyokaribia dola 7,000. Mwanamuziki Vangelis aliitumia kutunga muziki wa filamu ya Blade Runner, na hadi leo kuna watu wanaiota.

Aliyevunja ugumu huo ni Dave Smith, mhandisi wa California aliyeanzisha kampuni ya Sequential Circuits mwaka 1974. Aliona kwamba chipu mpya za muziki zingeweza kubeba saketi ambazo awali zilijaza ubao mzima, na kwamba maikroprosesa ndogo ingeweza kuangalia ni vibao gani vimebonyezwa na kuipa kila noti mlolongo wake. Wazo lilionekana dhahiri kiasi kwamba mwanzoni alidhani makampuni makubwa kama Moog na ARP yalikuwa tayari kazini. Hayakuwa. Akishirikiana na John Bowen, aliionyesha Prophet-5 katika maonyesho ya biashara ya vyombo vya muziki mwezi Januari 1978.

Ilikuwa na sauti tano, na jambo lililowashangaza wengi zaidi ni kumbukumbu yake ya milio 40. Kabla ya hapo, mpigaji aliyepata mlio mzuri alichora karatasini mahali kila kitufe kilipoelekea, kisha ukumbini alivizungusha kimoja kimoja gizani. Sasa alibonyeza namba tu. Zile kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, zinazofungua wimbo wa Phil Collins, In the Air Tonight, ambazo bado husikika redioni, zilipigwa kwa Prophet-5.

Smith alikuwa amekusudia sauti kumi. Mashine ya kwanza ya sauti kumi ilipata joto kali ndani ya kasha lake hata ikashindwa kukaa kwenye noti, ikabidi nusu ya sauti zitolewe. Joto hilo ndilo kiini cha habari hii. Transista ni nyeti kwa joto: mkondo unaopita ndani yake hubadilika kadiri joto linavyopanda, na katika osileta ya analogi mkondo ndio unaoamua noti. Taa za jukwaani zikiwaka, mashine huanza kuteleza. Prophet-5 iliwekewa kitufe cha kuiamuru kompyuta ipime osileta zote na kuzisahihisha, lakini baada ya muda kila moja ilianza tena kwenda kwa mwendo wake.

Kwa fundi hiyo ni kasoro. Kwa sikio ni neema. Osileta mbili zikitoa mitetemo 440 na 441, mawimbi yake hukutana na kuachana mara moja kila sekunde, na sauti hupumua. Zidisha hilo kwa sauti tano ambazo vichujio vyake navyo havilingani barabara, na kodi moja inakuwa kama waimbaji watano wa kwaya: wimbo mmoja, makoo tofauti. Naamini hapa ndipo thamani yote ya mashine hizi ilipo, si katika mbao zake nzuri au majina ya waliozipiga.

Mwaka 1983 ilikuja Yamaha DX7, ya kidijitali, yenye sauti 16, isiyoteleza, kwa bei ya chini ya dola 2,000. Analogi ikaporomoka. Mwaka uliofuata Prophet-5 ilikoma kutengenezwa, na mwaka 1987 Sequential ilifungwa, mali zake zikanunuliwa na Yamaha. Baadaye wanamuziki walipoanza kuzitafuta tena mashine za zamani, bei zilipanda hadi vijana wakabaki kuziangalia pichani. Chipu zake nazo zilikuwa zimeacha kutengenezwa. Mafundi walizing'oa kwenye mashine mbovu ili kuokoa nyingine.

Basi kuitoa upya sinthesaiza ya namna hii ni kazi inayoanzia kwenye chipu. Matoleo mawili ya kwanza ya Prophet-5 yalitumia kichujio cha kampuni ya SSM kilichobuniwa na Dave Rossum, na toleo la tatu likatumia cha Doug Curtis. Mashabiki wamebishana kwa miaka mingi kuhusu kipi ni kitamu zaidi. Curtis alifariki mwaka 2007, lakini chipu zenye jina lake zilirudi sokoni, na Rossum mwenyewe alibuni kichujio kipya kinachorithi kile cha zamani. Jina nalo lilirudi: mwaka 2015 Yamaha ilimrudishia Smith jina la Sequential, kwa kuhimizwa na Ikutaro Kakehashi, mwanzilishi wa Roland. Kakehashi na Smith ndio waliosukuma kuzaliwa kwa MIDI mwaka 1983, lugha ambayo vinanda na kompyuta za studio za Dar es Salaam na Nairobi huitumia kuwasiliana hadi leo.

Mwezi Oktoba 2020 Smith, akiwa na miaka 70, alitoa toleo la nne la Prophet-5. Vichujio vyote viwili vimo, na swichi moja huchagua. Sasa kompyuta yake inazituliza osileta vizuri mno, kwa hiyo wahandisi waliongeza kitufe cha kuzungusha kinachozipa sauti tofauti ndogondogo kwa makusudi, kuanzia utulivu wa leo hadi utelezi wa mwaka 1978. Ile ndoto ya sauti kumi nayo ilitimia, ndani ya kasha la ukubwa uleule.

Wapo wanaosema kipya hakiwezi kulingana na cha kale. Lakini Prophet-5 ya mwaka 1978 leo ina kapasita zilizozeeka na mikono mingi ya mafundi ndani yake. Anayetaka kusikia walichosikia wanunuzi wa kwanza, nadhani atakikaribia zaidi kwa ile mpya. Ile ya kwanza iliuzwa dola 3,995, fedha ambayo kwa thamani ya mwaka 2020 inazidi dola 15,000. Mpya ilitoka kwa dola 3,499. Bado ni nyingi, na wanaoona kampuni ya Behringer inafanya vyema kutengeneza nakala za bei nafuu za mashine za wengine wana hoja ya kusikilizwa.

Mwezi Mei 2022 kampuni ya Smith ilimsaidia Tom Oberheim, mshindani wake wa zamani, kutoa OB-X8 yenye sauti nane. Smith alifariki siku ya mwisho ya mwezi huohuo. OB-X8 nayo ina kitufe cha kuzitofautisha sauti zake.