Esanse: bei ya kesh ao ya deni?

Ukiuliza bei ya esanse mbele ya kutoka Kolwezi kwenda Sandoa, watakutajia bei moja tu. Njiani, kwa Kadafi mwenye kuuza na chupa, utakuta ziko mbili: ya pesa mukononi, na ya deni, yenye kupanda.

Wizara ya Uchumi inapanga bei ya litri kwa kila zoni. Lualaba iko zoni ya Kusini. Lakini deni haina bei ya serikali.

Kule Marekani, mu programu GasBuddy madereva wenyewe wanaandika bei, na bei ya kesh inatengwa na ya karti. Na sisi, mu WhatsApp, tuandike: siku gani, litri ao bido, kesh ao deni. Bila ile, mwenye motopompe atakopa akizani ni bei ya kesh, na siku ya kuuza madini, deni itakula chakula ya watoto.