Uwekezaji Mbadala: Anza kwa Kuuliza Nani Anayelipa

Oktoba 1, 2025 serikali ya shirikisho ya Marekani ilifungwa kwa kukosa bajeti, na ikakaa hivyo hadi Novemba 12. Kwa siku 43 watumishi wengi wa umma walikosa mishahara. Miezi michache kabla ya hapo shirika la misaada la USAID lilikuwa limevunjwa. Katika eneo la Washington, pigo la namna hiyo haliishii kwa mtumishi peke yake: linamfika mkandarasi, mwenye mgahawa, dereva wa teksi na mwenye nyumba ya kupangisha.

Mkazi wa eneo hilo, awe Silver Spring au Alexandria, anayetaka kujifunza uwekezaji mbadala aanzie hapo, kwa kuwa mara nyingi mshahara wake ndio rasilimali yake kubwa kuliko zote.

Uwekezaji mbadala ni ule ulio nje ya hisa za soko la wazi, hatifungani na fedha taslimu: umiliki wa kampuni zisizouzwa sokoni, mikopo binafsi, majengo, miundombinu, dhahabu na bidhaa nyingine ghafi. Washington ina mizizi mirefu katika biashara hii. Carlyle, moja ya kampuni kubwa duniani za kununua na kuuza makampuni, ilianzishwa hapa mwaka 1987. Federal Realty, inayomiliki majengo ya maduka, ilianza mwaka 1962.

Faida ya kuchanganya rasilimali ilionyeshwa kihesabu na Harry Markowitz mwaka 1952. Tuseme una rasilimali mbili, kila moja huyumba kwa asilimia 20 kwa mwaka, na umegawa fedha zako nusu kwa nusu. Zikipanda na kushuka pamoja daima, mchanganyiko wako nao utayumba kwa asilimia 20, hujapata kitu. Lakini kama mienendo yake haihusiani kabisa, kuyumba kunashuka hadi asilimia 14 hivi. Kinga inatokana na tofauti ya mienendo. Wingi wa rasilimali peke yake hautoshi.

Historia inathibitisha. Mwaka 2022 hisa na hatifungani za Marekani zilianguka kwa pamoja, huku bei za bidhaa ghafi, hasa nishati, zikipanda. Aliyekuwa na bidhaa hizo alipata nafuu. Lakini mwaka 2008 mifuko ya majengo inayouzwa sokoni ilianguka sambamba na hisa, zaidi ya theluthi moja ya thamani yake. Jina la "mbadala" halikumwokoa mtu.

Sasa tazama familia ambayo mshahara wake unatokana na mkataba wa serikali, ina nyumba kaunti ya Prince George's, na inashawishiwa kununua sehemu ya jengo la ofisi katikati ya Washington. Serikali ikibana matumizi, kazi, nyumba na jengo vinaweza kutikisika mwezi mmoja. Vituo vya data vya Ashburn, kaunti ya Loudoun, vinaonekana kuwa na mlipaji tofauti, yaani kampuni kubwa za teknolojia. Lakini kampuni hizo hizo ndizo zenye uzito mkubwa katika faharasa ya hisa ya S&P 500, ambayo huenda tayari imo kwenye akiba yako ya uzeeni.

Kwa anayetoka Kenya, kiwanja cha nyumbani Kitengela kina mlipaji tofauti kweli, ila kinakuja na hatari ya sarafu. Januari 2024 dola moja ilivuka shilingi 160 za Kenya. Mwaka ulipoisha ilikuwa karibu na 129.

Yako mambo mawili zaidi ya kuchunguza. Kwanza ni ukwasi. Mfuko ambao mali yake haiuzwi kila siku huonekana mtulivu kwa sababu tu bei yake haionekani kila siku. Mwishoni mwa 2022, wawekezaji wengi walipotaka kutoa fedha katika mfuko mkubwa wa majengo wa Blackstone, ukomo uliowekwa katika masharti ulianza kutumika na wengine wakasubiri. Pili ni ada. Tuseme umeweka dola 100,000, mfuko ukazalisha 10,000. Ukitozwa asilimia 2 ya mtaji na asilimia 20 ya faida inayobaki, mkononi mwako inabaki dola 6,400.

Kwa miaka mingi sheria iliwaachia matajiri sehemu kubwa ya soko hili: uwe na utajiri unaozidi dola milioni 1 bila kuhesabu nyumba unayoishi, au kipato kinachozidi dola 200,000 kwa mwaka. Agosti 2025 Rais Trump alitia saini amri inayolenga kuzifungulia rasilimali hizi mlango wa akiba za uzeeni za wafanyakazi. Wauzaji watabisha hodi, na elimu inahitajika kabla hawajafika.

Mali bila daftari huisha bila habari. Andika kila ulicho nacho, ukianza na mshahara. Mbele ya kila kimoja jaza mambo matatu: nani analipa, kwa sarafu gani, na itachukua muda gani kukigeuza kuwa fedha taslimu. Kisha andika uwekezaji unaouziwa chini ya orodha hiyo. Mlipaji wake akiwa ameshatajwa kwenye ukurasa huo, hata ukiitwa mbadala, unaongeza mzigo kwenye nguzo ile ile. Akiwa mpya, na muda wa kusubiri unaumudu, hapo ndipo ukae na mshauri mjadili bei na ada.