Klabu inayosubiri baridi: wanaofanya kazi mwaka mzima kwa msimu wa siku chache

Wiki iliyopita msikilizaji wetu wa Majimoto alitutumia video fupi kwa simu. Watu wameinama kama wanaopandikiza mpunga, mkono mmoja uko mgongoni, na wanateleza juu ya sakafu nyeupe inayong'aa kwa mwendo wa pikipiki. Akauliza maswali mawili: wanakimbia juu ya nini, na nani anawatengenezea?

La kwanza tulilijibu hewani kwa dakika mbili. La pili lilitushinda siku ile. Tukaenda kusoma, na tulichokikuta ni kirefu kuliko muda wa kipindi, ndiyo maana tumekiweka hapa ukisome kwa nafasi yako.

Hizo ni mbio za kuteleza kwenye barafu. Si barafu ya mifuko inayouzwa stendi, ni maji yaliyoganda yakawa sakafu. Kila kiatu kina kisu chembamba cha chuma chini yake, kirefu kuliko kiatu chenyewe. Uso wa barafu una utando mwembamba sana ambao haukushikana kama barafu ya ndani, nao hufanya kazi kama mafuta, hivyo kisu kinapita bila kukwama. Mchezaji hasukumi nyuma kama mkimbiaji, anasukuma pembeni, mguu huu kisha ule. Katika mashindano makubwa huzunguka njia ya mita 400, sawa na ile ya riadha, wawili wawili, na kila mzunguko wanabadilishana njia ili mmoja asifaidi kona fupi peke yake. Hodari wa mbio fupi hupita kilomita 50 kwa saa.

Barafu ya kuchezea iliyo jirani na sisi iko Nairobi. Mwaka 2005 Hoteli ya Panari, kwenye Barabara ya Mombasa, ilifungua ukumbi wa barafu inayogandishwa kwa mitambo. Ukumbi ni mdogo, njia ya mita 400 haiingii humo, kwa hiyo kilichokua pale ni hoki ya barafu, na timu ikaitwa Kenya Ice Lions. Wachezaji wakubwa wakawa wanacheza na pia wanafundisha watoto. Septemba 2024 Kenya ikapokelewa kuwa mwanachama wa shirikisho la kimataifa la mchezo huo. Si jambo dogo kwa ukumbi mmoja. Lakini barafu ile inategemea umeme na mwenye hoteli. Klabu ya pale inasubiri mlango ufunguliwe.

Ya kwenye ile video ni ya aina nyingine. Inasubiri hali ya hewa, na ili kuielewa inabidi twende Uholanzi.

Uholanzi ni nchi ndogo. Mkoa wetu wa Katavi una kilomita za mraba zipatazo 45,800, na Uholanzi nzima haifiki 42,000. Tofauti ni watu: sisi katika sensa ya 2022 tulihesabiwa milioni 1.15, wao ni kama milioni 18. Ardhi yao ni tambarare, sehemu yake iko chini ya usawa wa bahari, na imekatwakatwa na mifereji ya maji. Baridi ikiwa kali kweli, mifereji inaganda na watu wanatoka na viatu vyao vya visu. Kwa hiyo vijiji vingi vina klabu ya barafu, kama huku mitaa ilivyo na timu za mpira.

Kwa kawaida klabu kama hiyo haina mwajiriwa. Ina mwenyekiti, katibu, mweka hazina na watu wa kushika koleo. Wanachama hulipa ada ndogo kila mwaka, na hulipa hata mwaka ambao barafu haikuja kabisa. Hili tulilisoma mara mbili. Huku kwetu ukimwambia mtu alipie timu ambayo haikucheza mechi hata moja, atakuuliza umekunywa nini.

Kazi ya usiku

Mfereji una maji mengi na ya kina, na maji mengi huchelewa kupoa. Vilabu vikatafuta njia fupi: kuweka maji kidogo mahali pasipo na kina. Kuna wanaofurikisha shamba la majani ya ng'ombe kabla baridi haijafika, maji ya kina kidogo tu. Kuna wenye njia ya lami iliyojengewa kingo. Wakati wa joto njia hiyo hutumiwa na wenye viatu vya magurudumu, wakati wa baridi humwagiwa maji ikawa uwanja wa barafu.

Maji hayamwagwi yote kwa mkupuo. Ukimwaga mengi, juu kutaganda na chini kutabaki maji, na anayekanyaga ataipasua kama ganda la yai. Wananyunyiza utando mwembamba, wanasubiri ugande, wananyunyiza mwingine juu yake. Saa nzuri ni usiku wa manane hadi alfajiri, baridi inapokaza. Hapo ndipo zamu inapopangwa. Mtu ameshinda kazini mchana kutwa, kisha usiku anasimama uwanjani na mpira wa maji mkononi, vidole havimsikii, kwa ajili ya milimita chache.

Theluji ikianguka, kazi inakuwa mbili. Theluji ni kama blanketi: ikilala juu ya barafu, baridi haishuki, na barafu ya chini haiongezeki unene. Lazima ifagiwe upesi. Ikiachwa iyeyuke kidogo na kuganda tena, uso unabaki na mabonde kama barabara ya vumbi baada ya masika, na kisu kikinasa humo kwa kasi ile, mtu anavunjika.

Kuna ushindani mmoja unaochekesha. Baridi ikianza, vijiji kama Haaksbergen, Winterswijk na Noordlaren hukimbizana nani awe wa kwanza kuandaa mbio ndefu za kwanza za msimu juu ya barafu ya asili. Kipimo ni sentimita 3. Barafu inapimwa, na kama zimetimia, wachezaji bora wa nchi wanaitwa kwa haraka na kijiji kinajaa watu. Kijiji kingine kilichoishia sentimita mbili na nusu kinakunja mpira wake wa maji na kwenda kulala. Siku ya mbio wanaojitolea ndio wanaoshika saa, wanahesabu mizunguko, wanaelekeza magari, wanauza supu ya njegere na chokoleti ya moto. Fedha ya supu inaingia kwenye mfuko wa klabu. Kesho yake joto linaweza kupanda na kila kitu kikawa maji.

Kilomita 200 kwa siku moja

Kubwa kuliko zote iko katika jimbo la Friesland, kaskazini mwa nchi hiyo. Chama kilichoanzishwa mwaka 1909 huandaa Safari ya Miji Kumi na Mmoja, wenyewe huiita Elfstedentocht. Ni karibu kilomita 200 juu ya mifereji, mito na maziwa yaliyoganda. Ukitoka Mpanda kwenda Sumbawanga, kilomita 200 zinaisha kabla hujauona mji. Wanaanza gizani Leeuwarden, wanagongewa mhuri kwenye kadi kila mji wanaopita, na wanatakiwa wawe wamerudi Leeuwarden kabla ya saa sita usiku. Anayemaliza hupewa medali ndogo yenye umbo la msalaba.

Mwaka 1963 baridi ilikuwa nyuzi 18 chini ya sifuri wakati wa kuanza, na upepo juu yake. Watu zaidi ya 9,000 walianza safari nje ya wale wa mashindano. Waliomaliza walikuwa 69. Mwaka 1986 kijana mmoja alijiandikisha kwa jina la W.A. van Buren, akamaliza, kumbe ni mtoto wa malkia, Willem-Alexander, ambaye sasa ndiye mfalme wa Uholanzi. Na wasikilizaji wetu wakulima mtapenda hili: mshindi wa 1985 na 1986, Evert van Benthem, alikuwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Mshindi wa 1997, Henk Angenent, alikuwa analima zile kabichi ndogo ndogo zinazolingana na ndimu. Alitumia saa 6 na dakika 49.

Kwa mzigo wa watu wote hao, sentimita 3 za kijijini hazitoshi. Barafu inatakiwa iwe na unene wa sentimita 15 njia nzima. Njia imegawanywa kwa wakuu wa sehemu 22, watu wa hukohuko wanaojitolea. Kila mmoja anaijua sehemu yake kama mzee anayejua Mto Katuma unabakiza maji wapi kiangazi. Anatoboa, anapima, anajua chini ya daraja gani barafu hubaki nyembamba hata baridi iwe kali vipi. Panapotia shaka wanatandika mazulia nchi kavu, wachezaji wanatoka na kutembea juu yake na visu vyao miguuni, kisha wanashuka tena. Mwaka 1997 walifika mahali pa kukata barafu nzuri sehemu moja na kwenda kuipandikiza penye tundu.

Sasa ndiyo habari yenyewe. Safari hiyo imefanyika mara 15 tu tangu 1909. Mara 12 zilikuwa kufikia 1963. Tangu hapo, miaka zaidi ya 60, ni mara tatu: 1985, 1986 na 1997. Ya mwisho ilikuwa tarehe 4 Januari 1997, na mpaka leo tunapoandika haijarudi. Dunia inapata joto, na baridi kali za Uholanzi zimekuwa chache na fupi.

Februari 2012 ilikaribia. Watu walifagia theluji siku kadhaa na nchi nzima ikawa inauliza unene wa barafu kama sisi tunavyouliza bei ya mahindi. Wakuu wa sehemu wakakutana, wakaweka vipimo vyao mezani, jibu likawa hapana. Sehemu ya kusini ya njia haikutosha. Waliofagia walirudi nyumbani na mafagio yao.

Lakini chama hakikuvunjwa. Bado kina wakuu wake wa sehemu na orodha ya wanachama, na mpango wa madaktari, polisi na magari uko tayari. Mkuu wa sehemu akizeeka, anachukua nafasi yake mwingine ambaye huenda hakuwa amezaliwa mwaka 1997.

Hapa tulibishana studio. Mwenzetu mmoja alisema ni upotevu wa muda. Mkulima wa Katavi anasubiri mvua ya Novemba kwa sababu asipolima hatakula. Hawa wasipoteleza watakufa? Sisi wengine tuliona tofauti. Barafu ikija itakuja ghafla na kukaa siku chache. Siku hiyo huna muda wa kuanza kumtafuta nani anajua daraja bovu, nani ana ufunguo wa stoo, nani anaweza kuwasimamisha polisi barabarani. Ujuzi huo haukai kwenye karatasi, unakaa kwa watu wanaoendelea kukutana. Vilabu vidogo vya vijiji, vyenye sentimita 3 zao, ndivyo vinavyowapa watu hao cha kufanya wakati kile kikubwa hakiji.

Na hapa Mpanda je?

Hatuhitaji barafu kuliona hili. Nenda uwanja wowote wa mtaa hapa Mpanda asubuhi ya siku ya mechi. Kuna mtu mmoja anachora mistari kwa chokaa au majivu. Huyohuyo ndiye mwenye mipira, ndiye anayeshona nyavu, ndiye anayemtafuta mwamuzi, na daftari la michango liko kwenye begi lake. Akihamia Tabora, timu imekufa. Tumeona ikitokea zaidi ya mara moja, na mara nyingine haikuwa kuhama, ilikuwa ugomvi wa fedha kwa sababu daftari lilisomwa na mtu mmoja tu. Tusipake rangi pia: kujitolea kunachosha, na nauli ni fedha. Lakini kazi za mtu mmoja zikigawiwa watu sita, kila mmoja akawa na msaidizi anayejifunza, hakuna anayebeba hadi akachoka.

Kwa wanaotaka klabu itambulike, ya mchezo wowote, mahali pa kuanzia ni kwa afisa michezo wa halmashauri yako. Mtatakiwa kuwa na katiba, viongozi na orodha ya wanachama, na usajili unafanywa chini ya Baraza la Michezo la Taifa. Katika katiba hiyo andikeni mapema nani anashika fedha na nani anamkagua, kabla fedha haijapatikana.

Msikilizaji wetu wa Majimoto alikuwa na swali la tatu baada ya kusikia majibu: viatu vya magurudumu vinawezekana huku? Vinawezekana penye lami au saruji laini, na hata wale wa barafu huvitumia kufanya mazoezi wakati wa joto kwa sababu mwendo wa mguu ni uleule. Vaa kofia ngumu na vikinga magoti. Usiende barabara kuu, madereva wa malori hawatakuona. Vumbi na mchanga ndiyo adui mkubwa wa magurudumu hayo madogo, kwa hiyo kila siku kabla ya kuanza lazima mtu afagie. Tumemuuliza atakuwa nani. Amesema ana mdogo wake.