Ncha ya Risasi, Kutoka Karatasini Hadi kwa Nyati wa Maswa

Taarifa za polisi kuhusu majangili hutaja mara nyingi vitu vitatu kwa pamoja: gobore, baruti na goroli. Goroli ni duara tupu, haina mbele wala nyuma. Ikitoka mtutuni hewa huikaba, na haiendi mbali kabla nguvu haijaiishia. Risasi ya kisasa ni ndefu, ina kitako na ncha, na ni hiyo ncha inayowakesha walenga shabaha wa masafa marefu.

Ishike mkononi risasi ya mashindano uitazame. Kiwandani gamba lake huanza kama kikombe cha shaba. Madini ya risasi, yaliyoipa jina, hutumbukizwa ndani, kisha mdomo wa kikombe hubanwa mpaka kibaki kitundu cha milimita moja na ushee. Midomo haibaniki sawasawa: huu umeenda upande, ule una meno. Wengi hudhani kitundu hicho kimewekwa ili risasi ipasuke mwilini mwa mnyama. Wapi! Ni kovu la utengenezaji tu.

Mlenga shabaha anayejijazia risasi mwenyewe (kwa Wamarekani ni burudani ya jioni, kwetu Tanzania Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haina mzaha na jambo hilo) huikata midomo hiyo ilingane. Ncha inakuwa butu kidogo na hewa inaikaba zaidi, ila sasa zote zinakabwa sawa. Au huibana kwa kalibu mpaka tundu lizibe na ncha ichongoke, na ukinzani wa hewa hupungua kwa asilimia chache. Wapo wanaokata kwanza, kisha wakabana. Kwenye mita 1,000, ambako risasi hukaa hewani kama sekunde moja na nusu, matundu yaliyotawanyika juu na chini ya karatasi huanza kusogeleana. Kwenye mita 200 hutaona lolote.

Anayeanza hujikwaa kwenye vipimo. Kazoea kupima risasi nzima, toka kitako cha ganda hadi nchani, na ncha ameshaigusa. Mtutu haujali ncha. Unajali pale bega la risasi (mpindo unaoelekea nchani) linapokutana na mifereji yake, basi kipimo kiishie begani. Kibonyezo cha kupachikia risasi gandani nacho kisiiguse ncha, la sivyo kitaponda kilichochongwa.

Sasa njoo Maswa. Katika Pori la Akiba Maswa, kusini mwa Serengeti, nyati hupigwa kati ya migunga, pengine hatua 60 tu, na bunduki inayotakiwa huanzia kaliba ya 375, iliyobuniwa Uingereza mwaka 1912. Hewa ya hatua 60 si kitu. Shughuli ipo ndani ya nyama. Risasi iliyochongoka uzito wake uko nyuma, kwa hiyo ikishapenya hupenda kupinduka. Ndiyo maana risasi ngumu za nyati na tembo zina pua ya mviringo au bapa. W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne iliyopita, aliua tembo wengi kwa risasi nyembamba za milimita 7 zenye pua ya mviringo, akilenga ubongo.

Kuchukua tupa ukakata ncha ya risasi ngumu ni ujinga wa kutisha. Nyingi zenye gamba kitako chake kiko wazi. Ukiifungua na mbele, kiini kinaweza kuchomoka peke yake na kuliacha gamba mtutuni, likingoja risasi inayofuata.

Mgeni wa uwindaji akifika kambini hupigishwa karatasi kwanza. Bunduki ya 375 hurudi nyuma kwa kishindo, na risasi za pua laini zilizobaki ndani hugonga ukuta wa magazini mpaka ncha zibonyee. Mgeni huitoa moja akaigeuzageuza, uso umemshuka. Mwindaji bingwa huirudisha chemba, anamwambia apige. Tundu linatua palepale, karibu na wenzake.